Sinema ya Wanawake, Jumatano Alasiri

Tulipotoka kumzika Rukia, wanawake tulikaa kwenye mikeka nyumbani kwa binti yake pale Bondeni, tukinywa chai ya tangawizi na kumtaja marehemu kwa wema kama inavyopasa. Mmoja wetu, ambaye sitamtaja jina kwa sababu bado tunapeana salamu, alishusha pumzi akasema, "Alimaliza vizuri, alhamdulillahi. Yale mambo ya usichana, ya sinema, Mwenyezi Mungu amsamehe." Wengine wakaitikia amina. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini. "Asamehewe nini?" nikauliza. "Ah, Bi Zuhura, si unajua." "Najua, ndiyo maana nauliza. Nilikuwa naye." Binti yake Rukia akaja haraka kuniongezea chai ambayo sikuiomba. Nimefika umri ambao watu huninyamazisha kwa chai. Nilinyamaza, kwa heshima ya msiba, lakini nimerudi kwangu Kiamunyi na hasira yangu nzima, na nimeamua kuuandika mwaka ule mmoja jinsi ulivyokuwa, kabla watu hawajakaa mkekani kwa ajili yangu na kuniombea msamaha nisioutaka.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na Nakuru ilikuwa mji wa vibali na vizuizi. Karibu na soko palikuwa na jengo la sinema, mali ya mzee mmoja wa Kihindi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitazama filamu. Jumamosi jioni walikuja wakulima wa Kizungu kutoka Mau Narok na magari yaliyojaa vumbi, wakapanda ghorofani. Wahindi walikaa chini kwenye viti vya nyuma, na wanaume wetu wakapewa mabenchi ya mbele, shingo juu. Wanawake wa mtaa wetu wa Bondeni hatukukanyaga pale, mpaka mzee yule alipogundua kwamba tulikuwa wengi na akaanzisha shoo yetu, kila Jumatano saa tisa alasiri. Mkewe mwenyewe alilinda mlango. Mwanamume pekee aliyekuwemo ni mwendesha mashine, naye alifungiwa kwenye chumba chake kule juu, akitoka tu tukishaondoka. Akina mama wa Kihindi walikuja na watoto na makopo ya chevda ya kutafuna. Sisi tulikuja na mahamri ndani ya mabuibui. Taa zilipozimwa, mabuibui yalishuka mabegani, viatu vikavuliwa, na kila mtu akaanza kuzungumza na picha kana kwamba inamsikia.

Filamu za kupigana zilinichosha. Nilizozitaka ni zile za Amerika za nyimbo na dansi, ambamo mtu anazungumza na mwenzake jambo la kawaida, labda kiatu kilichopotea au barua iliyochelewa, mara anafungua kinywa na kuimba, na hakuna anayemwuliza ana wazimu gani. Nyumbani kwetu mwanamke akipandisha sauti kidogo aliambiwa majirani wanasikia. Kule mwanamke alisimama katikati ya hoteli iliyojaa watu, akawaambia wote kwa wimbo kwamba amechoka, na wote wakamwitikia, wapishi na wabeba mizigo na mabibi wenye kofia. Nilikuwa na Kiingereza cha madarasa manne. Nilidaka neno moja, nikaacha matatu, mengine nikabahatisha. Siku ya kwanza nililia, na haikuwa filamu ya huzuni. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama kwenye cherehani akishona gauni la mteja, nikamwomba mikono niishone mimi, na nikaishona na marinda mengi begani kama niliyoyaona. Mama alisema nimeharibu kitambaa cha watu. Mteja alilivaa siku hiyo hiyo, akarudi baada ya siku tatu na dada zake wawili, nao wakataka mikono kama ile.

Alhamisi asubuhi ilikuwa zamu yangu ya kusimulia. Nyumba yetu ilikuwa na ua wa ndani na vyumba kuzunguka, na kimojawapo alipanga Mama Njoki, mwanamke wa Kikuyu kutoka Kabazi aliyeuza mboga sokoni. Mumewe alikuwa kizuizini, na hakuna aliyemwambia ni kizuizi gani. Kibali chake kilimruhusu kutoka chumbani kwenda sokoni na kurudi, basi. Hata kusimama kwenye foleni ya sinema hakuthubutu, maana askari waliokuja kukamata watu walipenda sana foleni, waliikuta imeshajipanga. Kwa hiyo alikaa kwenye kigoda chake akimenya minji, na mimi nikamletea filamu uani. Niliigiza wote. Nilipanda ngazi za jikoni na kushuka nikiwa na kanga badala ya gauni refu, nikaimba maneno niliyoyasikia na kutunga yale ambayo sikuyasikia. Wanawake wengine walikuja na kazi zao. Mama hakuja, ila cherehani yake kule chumbani ilinyamaza kila nilipofika kwenye wimbo.

Jumatano moja mwendesha mashine alikuwa amerudisha Nairobi kopo moja la filamu kimakosa, tena lile la katikati. Tukamwona msichana na kijana wake wakigombana mbele ya nyumba, picha ikapepesa, mara wako kanisani wamevaa nyeupe na wanaimba. Tulipiga kelele mpaka mke wa mwenye sinema akaja na tochi. Kesho yake uani kulikuwa na mjadala ambao sijasikia mfano wake hata bungeni. Kila mmoja alijua yaliyokuwa ndani ya kopo. Mama Njoki aliacha minji. "Mimi nitawaambia iko na nini hiyo," alisema. "Huyo msichana alikataa. Kijana akaenda, akakaa huko, akarudi na maneno mazuri. Mtu hawezi kuimba hivyo kanisani kama hakukataa kwanza." Kutoka chumbani, Mama akajibu bila kutokeza kichwa, "Hakukataa. Wazee walizungumza." Tulicheka sana, na mimi nikaisimulia kwa njia ya Mama Njoki kwa wiki nzima kwa kila aliyeuliza.

Mjukuu wangu, msomi wa chuo kikuu, hunionea huruma kwa habari hizi. "Lakini Nyanya," aliniambia mwaka jana, "watu walikuwa detention, na nyinyi mnawatch wazungu wakidance?" Nilimwambia ndiyo, na aliyekuwa akiomba nirudie wimbo wa tatu ni mke wa mtu aliyekuwa huko huko kizuizini, kwa hiyo amwonee huruma yeye, si mimi. Anadhani hatukuona. Tuliona. Katika filamu moja alitokea mwanamke mweusi kwa muda mfupi tu, amebeba sinia, akaimba mstari mmoja kwa sauti iliyowafunika wote, kisha wakamtoa na hatukumwona tena. Mabenchi ya mbele yalizizima. Rukia aliniambia sikioni, "Wamempeleka wapi?" Nilikasirika, na hasira ile bado ninayo, na Jumatano iliyofuata nilirudi vilevile. Mtu anaweza kupenda kitu na kukikasirikia. Waliowahi kuwa na mume wananielewa.

Makopo ya filamu yalikuja kwa treni, na aliyeyapokea kwenye ofisi ya vifurushi pale stesheni ni kijana aitwaye Hamidu. Nilikwenda huko mara kwa mara kuchukua nyuzi za Mama zilizotoka Nairobi. Alikuwa na mashati safi, na masikio yaliyochomoza kidogo, na alipiga mluzi. Siku moja nilipokuwa nikingoja alipiga mluzi wimbo wa filamu tuliyoiona Jumatano, wote, na ile sehemu ngumu ya katikati ambapo sauti inapanda mara mbili. Niliitikia kabla sijajizuia. Akaniangalia. "Umeiona?" "Nimeiona. Umekosea pale mwisho." "Sijakosea. Mimi nimeiona mara nne." Alikuwa akienda kila Jumamosi na kila Jumapili, na wakati mwingine alimsaidia mwendesha mashine kubeba makopo ili aingie bure. Tukabishana kuhusu ule mwisho mpaka mzee aliyekuwa nyuma yangu akataka kifurushi chake. Tangu siku hiyo nyuzi za Mama zikawa zinaisha upesi. Sitaki kuzungukazunguka: nilimpenda. Nilijua kabisa ni kwa sababu gani, na sababu yenyewe ni mluzi.

Posa ilipokuja, niliona mambo yananyooka kama katika filamu. Shangazi yake Hamidu alikuja kutoka Naivasha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, akiwa na sinia la halua na kanga mbili. Mimi nilikuwa jikoni na Rukia, sikio kwenye pazia. Walizungumza afya, mvua, jinsi vumbi la magadi la ziwani lilivyoingia mpaka kwenye masanduku ya nguo. Kisha akasema, "Mtoto tumempenda. Mikono yake ina kazi, ulimi wake tutauzoea. Ila ile sinema, hapana. Mke wetu hakai gizani na kucheka na picha. Tunataka neno lenu kwamba ataacha." Nilimsikia Mama akiweka kikombe. "Ataacha," alisema. Hakuita, hakuuliza, hata hakusubiri pazia litikisike. Ahadi ilitolewa kwa jina langu huku nimeshika mwiko.

Rukia alikuwa mtu wa njia za panya, na nasema hivi kwa mapenzi. "Kubali tu," aliniambia usoni kwangu, ametoa macho. "Ukishaolewa, sema unakwenda kwangu kushona. Nitakungoja nyuma ya soko. Nani atajua? Wote wanafanya hivyo." Kweli wengi walifanya hivyo. Kulikuwa na wanawake kwenye mabenchi yale waliovaa buibui la kuazima ili wasitambulike njiani. Nilifikiri siku tatu, na kila nilipofikiri nilijiona nikiingia mlango ule nikiwa nimeinama, kisha nikikaa pale na kutazama mwanamke akisimama mbele ya hoteli nzima na kusema neno lake. Nisingeweza kumtazama usoni. Sinema ilikuwa kitu kimoja nilichokifanya mchana, kwa jina langu, na sikuiba kwa mtu. Nilimwambia Rukia hivyo, akasema mimi ni punda. Sikumbishia.

Nilikwenda stesheni. Hamidu alifurahi kuniona, akanionyesha makopo sita yaliyofika asubuhi ile, akayagonga kwa kidole. "Hii utaipenda," alisema. Nilimwuliza kama ahadi ile ilikuwa ya shangazi yake au yake. Akakuna sikio. "Zuhura, watu wanasema. Mke wa karani akionekana pale, watasema mume hana neno nyumbani." "Na wewe utaacha?" Akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeulizwa kama ataacha kula. "Mimi ni mwanamume." "Tungeweza kukaa nyumbani wote wawili siku hiyo, ukanipigia mluzi," nilisema, na nilisema kweli, hilo lingenitosha kwa miaka. Akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu anasikia. "Nitakusimulia," akasema. "Kila wiki nitakusimulia yote." Alidhani ananipa zawadi.

Sikusema kitu kwa Mama kwa sababu nilijua angelia, na machozi yake yangenishinda. Siku ya ndoa ilikuwa Jumapili, baada ya sala ya alasiri. Sebule ya mbele ilijaa wanaume, Hamidu ameketi na kanzu mpya karibu na sheikh. Uani sufuria mbili za pilau zilikuwa tayari na Mama Njoki alizisimamia kana kwamba bwana harusi ni mwanawe. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nimefunikwa, Rukia kulia kwangu na Mama kushoto. Kwa desturi yetu msichana anayeolewa mara ya kwanza huulizwa na walii wake, na mashahidi wawili wanasikiliza mlangoni. Anaulizwa, lakini hatazamiwi kujibu. Ananyamaza, kwa haya, na kunyamaza kwake ndiko kuridhia, na wanawake wanapiga vigelegele. Anayetaka kukataa ndiye inayombidi aseme, na Bondeni nzima hakuna aliyemkumbuka msichana aliyesema. Baba alikuwa ameshafariki, hivyo walii alikuwa ami yangu Salimu, ndugu yake mdogo, mchinjaji, mtu wa maneno machache na mwenye haki. Alisimama nje ya pazia akakohoa. "Zuhura, mwanangu. Hamidu bin Juma anataka nimwozeshe wewe. Umeridhia?"

Rukia alinifinya paja. Alidhani atanisaidia kunyamaza. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi kwa ajili ya vigelegele. "Ami," nikasema, "naomba yeye aulizwe jambo kwanza." Pumzi zote zikabaki ndani. Mama akanong'ona, "Zuhura, we!" Nikaendelea, maana nilijua nikisimama sitaanza tena. "Wamenitaka niache sinema. Aulizwe kama na yeye ataacha. Akiacha yeye, naacha mimi, leo leo, na ukirudi kuniuliza nitanyamaza kama wenzangu." Shahidi mmoja alisema astaghfirullah. Ami angeweza kunikaripia, na watu wote wangempa haki. Badala yake nikasikia ndara zake zikienda sebuleni. Mama alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu, na sikujua kama ananizuia au ananishikilia. Nilimwomba Mungu Hamidu aseme ndiyo. Nilimwomba hata aseme hapana, lakini aseme pia kwamba tutakwenda kila mtu na siku yake, na tutabishana kuhusu nyimbo tukila chakula cha jioni. Kwa kweli ningelikubali lolote ambalo lingetoka kinywani mwake mwenyewe. Ndara zikarudi.

"Nimemwuliza," alisema Ami. "Mara mbili, mbele ya watu."

"Amesemaje?"

"Amenyamaza."

"Basi mimi siwezi kunyamaza naye, Ami. Sikubali."

Nilisema kwa sauti. Sebuleni walisikia, uani walisikia, na majirani ambao maisha yangu yote nimetishiwa nao walisikia pia. Sikuimba, kama wanavyosimulia wanaopenda kutia chumvi. Nilisema neno moja tu, sauti ikapasuka katikati. Yaliyofuata hayakuwa mazuri, na sitayapamba. Wanaume walitoka mmoja mmoja wakitafuta viatu vyao. Shangazi alichukua sinia lake, lililokuwa tupu, akasema maneno ambayo mtaa uliyatumia mwaka mzima. Hamidu alipita uani ameinamisha kichwa, na masikio yake yalikuwa mekundu, na nilitaka kumkimbilia. Mama alijifungia chumbani. Pilau ilibaki pale ikipoa mpaka Mama Njoki alipochukua upawa na kuanza kuwapakulia waliobaki. "Hiyo pilau haikukataa mtu," alisema. "Kula, Zuhura. Umekataa, sasa kula." Nilikula huku machozi yakiingia sahanini.

Siku tatu Mama alizungumza nami kwa habari za kazi tu: leta mkasi, shika hapa, pindo hili limekaa upande. Wateja wawili walihamisha vitambaa vyao. Rukia alikatazwa kuonekana na mimi. Jumatano ilipofika nilioga, nikavaa gauni langu lenye mikono ya marinda, nikajitanda buibui, na nikamuaga Mama. Cherehani haikusimama. Nilipita njia ya sokoni, ile ndefu, katikati ya watu, na wanaume waliokaa mbele ya maduka waliacha kuzungumza nilipopita. Niliwasalimia wote mmoja mmoja kwa majina yao. Mke wa mwenye sinema alinitazama juu mpaka chini pale mlangoni. "Wewe ile bibi arusi?" "Mimi." Akanifungulia. Ndani vichwa viligeuka, na minong'ono ikapita kutoka viti vya nyuma mpaka mbele. Rukia alikuwepo, amejifunika mpaka machoni. Alijisogeza kunipa nafasi.

Ilikuwa filamu mbovu. Nimeona nyingi tangu hapo, na bado naiweka miongoni mwa mbaya kabisa. Mwimbaji alikuwa mzee kumshinda baba wa msichana, msichana alikuwa na sauti ya kukwaruza, na walikuwa na wimbo mmoja tu ambao waliuimba mara tatu, mara ya tatu wakiwa juu ya farasi. Watoto walilia. Rukia alisinzia. Kufikia katikati akina mama wa Kihindi walikuwa wakikusanya makopo yao, na wetu wakafuata, mabuibui yakapandishwa, mabenchi yakabaki wazi. Mimi nilikaa. Nilitazama kila farasi. Nilisikiliza ule wimbo mara zote tatu mpaka maandishi ya mwisho yakapita na ukuta ukabaki mweupe, na mke wa mwenye sinema akashuka na tochi yake akanigusa bega.

"Imekwisha, dada."

"Najua," nikamwambia. "Wiki ijayo mnaleta ipi?"